Jina la Upande wa Mama

Mezani pana kahawa, miwani, na fomu ya kurasa nne.
Babu ananyoosha mguu wa kushoto
kama mtu anayemvuta mgeni mwenye haya aje asalimie watu.
"Andika," ananiambia. "Andika hapo wanapouliza wapi."

Wapi: paja la kushoto, vidole vitatu juu ya goti.
Kipande cha chuma, ukubwa wa punje ya buni,
kimelala humo tangu mwaka hamsini na mbili
na huamka mvua ikianza kunuia Utuado,
kabla redio ya San Juan haijasema neno.

Lakini faili linasema: jeraha, hakuna.
Quiles, Eleuterio, koplo, kikosi cha watu wa kisiwani,
alipelekwa Korea mzima, akarudishwa mzima,
aling'olewa meno mawili Pusan.
Meno wameyaandika!

Barua ya kwanza ilijibiwa baada ya miezi kumi na mmoja.
Tunasikitika, ushahidi hautoshi.
Ya pili: Tunasikitika, shahidi mmoja hatoshi.
Shahidi wa pili, Baudilio, tulikuwa tumemzika mwezi Mei.
Babu alizitia zote ndani ya droo ya cherehani ya bibi,
pamoja na vifungo visivyo na shati.

Kisha mwanamke mmoja, Delphine Haskew,
wa ghala la kumbukumbu huko Missouri,
mwenye kikohozi na subira,
akanipigia simu akauliza swali la mkunga:
"Mama yake alikuwa wa ukoo gani?"

Huku kwetu mtu hubeba koo mbili,
ya baba mbele, ya mama nyuma: Quiles Rentas.
Karani wa hema la majeruhi, usiku ule,
tochi mdomoni, machela zikipangana hadi nje kwenye theluji,
alichukua jina la mwisho, kama wafanyavyo kwao.

Basi yupo.
Rentas, E. Paja la kushoto, kipande cha kombora.
Kafungwa bandeji. Karudishwa mstarini siku ya tisa.
Askari asiyeapishwa popote, asiyelipwa hata senti,
hana kuzaliwa, hana kustaafu,
ana jeraha basi.
Na babu yangu ana kila kitu isipokuwa hilo.
Miaka sitini na miwili wamekaa makabati mbalimbali,
mmoja akichechemea kwa niaba ya mwenzake.

Nilimsomea mara mbili, maana sikio la kulia halisikii
(hilo nalo halimo kwenye faili).
Alicheka, kisha kicheko kikamkwama.
"Kumbe aliyepigwa ni mama."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu;
jeshi limeuandika msemo huo neno kwa neno.

Ningependa kusimulia kwamba Providencia Rentas,
mchuma kahawa kwa ujira wa kikapu,
aligutuka usiku ule ameshika paja lake.
Hakugutuka. Alilala, alikuwa amechoka.
Na wiki sita baadaye ilipofika barua kutoka hospitali,
mwandiko wa mwanawe ulisema: mafua, mama, mafua tu.
"Niliandika mwenyewe," babu anasema, akitazama kikombe.
"Wa kwanza kuharibu rekodi ni mimi."

Sikuwa na jibu. Jogoo wa jirani aliwika saa nane mchana,
mpumbavu kama kawaida yake.

Ukurasa wa nne: Jina kamili, herufi moja kila kisanduku.
Ananinyang'anya kalamu.
Eleuterio linaingia. Quiles linaingia, kwa kubanana.
Visanduku vinakwisha na mkono wake hausimami:
R, E, N, inavuka mstari,
T, inaingia pembeni walikoandika Usiandike hapa,
A, S, hadi ukingo wa karatasi.

Wataturudishia, nilitaka kumwambia.
Nikainama, nikapuliza wino ukauke.